Gumboot Yenye Kiraka Chekundu

Kuna asubuhi moja ya ukungu huko Kibirichia ambayo haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu. Nakuita mwanangu na mimi sijafika hata miaka thelathini. Vumilia tu, leo nimeamua kuwa mzee.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na alama zangu zilikuwa za kuombewa kanisani. Baba akanipeleka poly, kile chuo cha ufundi cha kijiji, nijifunze kuchomelea vyuma. Siku hizo poly ilikuwa ya sisi tuliobaki. Mzazi akiulizwa mtoto wake yuko wapi, anasema, "Yuko tu." Basi nikajifanya mjanja. Natoka nyumbani na sweta na tai ya sekondari ya kaka yangu, nikifika nyuma ya stoo ya viazi navaa overoli. Juu mwanafunzi, chini gumboot, kwa sababu matope ya kwetu hayaulizi umesomea wapi. Ile ya kushoto nilikuwa nimeiziba na kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli.

Sasa asubuhi hiyo nikakutana na jirani yetu, Mama Kananu, amebeba pampu ya kupiga dawa. Mkono wa chuma wa pampu hiyo ulikuwa umekatika. Majani ya viazi vyake yalikuwa yameanza madoa meusi, na asipopiga dawa kabla mvua haijanyesha, shamba limekwisha.

"Murithi, wewe uko shule kubwa," akaniambia. "Hii inashikanishwa aje?"

Nilijua. Wiki hiyo nilikuwa nimechomelea tatu kama hiyo. Ningesema tu, "Mama, twende poly," na saa mbili asubuhi angekuwa shambani.

"Sisi tunasoma fizikia, mama," nikamwambia. "Hiyo peleka kwa mafundi Meru mjini."

"Haya, profesa."

Akaenda Meru. Huko wakamuuliza mbona ametoka mbali hivyo na poly iko kwao. Saa saba mchana akatokea kwa mlango wetu pale poly, na mwalimu akanipa mimi kazi. Nilishusha maski ya kuchomelea hata kabla sijasalimia.

"Huyu fundi wenu haongei?" Mama Kananu akauliza.

"Huyu huongea mpaka tunachoka," mwalimu akasema. "Leo sijui ana nini."

Dakika kumi, nikamaliza. Akaupiga ule mkono juu chini, ukashika. Halafu akaangalia miguu yangu, akaangalia tena.

"Asante, fundi. Ukimwona yule profesa wa asubuhi, mwambie mvua imeshaanza kule juu."

Ilimpata njiani. Msimu huo nusu ya shamba lake ilioza, na viazi vikioza, mwanangu, harufu haikuachi upite hivi hivi. Nilipita hapo kila siku. Mama huyo hakumwambia mtu nilichofanya, hata baba yangu. Mpaka leo najiuliza kwa nini, na sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Kesho yake baada ya siku ile ya pampu, nilitoka nyumbani na overoli. Mama Kananu alikuwa analima kando ya njia.

"Leo umependeza," akasema, akaendelea kulima.

Siku hizi mambo yamegeuka mpaka nashangaa. Poly kuna mtu wa digrii anajifunza umeme, anamwomba wa darasa la nane amshikie waya. Hata Kananu, yule mtoto wa Mama Kananu, amepita mtihani wa fomu foo vizuri na akachagua mwenyewe kuchomelea vyuma. Anapita sokoni na maski imekaa kichwani kama kofia ya askofu. Nikamuuliza, "Huoni haya?" Akaniuliza, "Haya ya nini?"

Kwa hivyo sikia, wewe unayeanza muhula huu na overoli umeikunja chini ya begi. Ivae kutoka nyumbani. Kama kuna kitu unajua kutengeneza, sema unajua, kwa sababu mwenye shida hana wakati wa kungoja aibu yako iishe. Mungu akupe mikono inayojua kazi, na mdomo wa kusema inajua. Na mvua, popote utakapokuwa, ikungoje umalize.