Filamu za Angani Katika Banda la Mjomba

Mpaka naingia chuo kikuu niliamini kwamba ile hadithi ya vita vya angani ina sehemu nyingi kuliko watoto wa mtaa wetu. Nilipolisema hilo bwenini, wenzangu walinitazama kama mtu aliyedai bahari ya Bagamoyo ni ya maji baridi. Filamu zipo chache tu, wakaniambia, na kila moja inaanza na kuisha kwa mkao mmoja. Nikabisha usiku kucha. Mimi hubisha hata ninapojua nimeshindwa, na safari hii sikujua.

Kosa lilikuwa la mjomba wangu, kaka yake mama. Ana banda la video pale Dunda, chumba cha bati kilichoegemea nyumba yake, chenye runinga kubwa, mabenchi na kipaza sauti. Yeye ndiye mwonyeshaji na ndiye mtafsiri. Alikuwa anafungua baada ya swala ya alasiri, na adhana ya magharibi ikianza tu, anazima, hata kama chombo cha angani kimebakiza kidogo kigonge jua. "Yaliyobaki kesho, inshallah," anasema, na wanaume wote wanatoka kwenda kutawadha. Kwa kuwa alipenda pia kusimamisha picha ili aeleze, filamu moja ilikula siku tatu, pengine nne. Mtaa mzima ulijua kwamba filamu ni kitu kinachokatwa na adhana. Hatukujua kuna watu wanaiona yote kwa pamoja.

Nilipokuwa mdogo nilikaa benchi la mbele. Nilipovunja ungo nikaambiwa sasa mimi ni mtu mzima, banda ni la wanaume. Nikauliza kwa nini. Nikaambiwa, ndiyo hivyo. Tangu hapo nikawa naisikiliza hadithi kutoka uani, upande wa pili wa ukuta, nikichambua mchele na mke wa mjomba. Nilivijua vita vyote vya angani kwa masikio. Katika tafsiri ya mjomba, nahodha wa chombo hakumfyatulia adui risasi kabla ya kumwamkia shikamoo, kwa sababu adui alikuwa na mvi. Nilimwuliza mjomba kama kweli ndivyo wanavyosema kwa Kiingereza.

"Wasiposema, ni utovu wao wa adabu," alinijibu. "Mimi ndiye niurithishe huku?"

Mwaka huu nimerudi nyumbani na shahada, kazi bado. Siku moja nikasoma kwenye simu kwamba wenye filamu zile wameamua hadithi iendelee kama tamthilia ya mtandaoni, kipande kimoja kila wiki. Nikampelekea mjomba habari ile barazani. Aliipokea kama taarifa ya msiba. Hata kahawa aliiweka chini.

"Kwa nini waitoe kwenye filamu?" akauliza. "Filamu ni karamu, watu wanakusanyika. Tamthilia ni kuletewa sahani kitandani, kama mgonjwa."

Nilikubaliana naye, na kwa kuwa nilikubaliana nikaanza kujitilia shaka. Nilisema filamu inalazimika kufika mwisho, tamthilia inavutwa kama ubani mdomoni mpaka utamu uishe. Halafu nikasema, lakini filamu nayo inaharakisha, watu wanakufa kabla hatujawajua. Mjomba akaniambia nichague upande mmoja nikae.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Yeye hukodisha vyombo vya harusi, na sufuria zake za pilau zimejaa chumbani kwao kiasi kwamba mjomba hulala ubavu, uso umeelekea sufuria kubwa kuliko zote.

"Mimi naona hadithi ife tu," akasema. "Vijana wenyewe wote wanatazama kwenye simu. Banda lako siku hizi lina mabenchi mengi kuliko watu. Nipe chumba kile niweke vyombo vyangu."

"Hiyo tamthilia itawarudisha," mjomba akasema, ingawa punde tu alikuwa ameisema vibaya.

Wakaafikiana mbele yangu. Tamthilia ionyeshwe. Ikijaza banda, mjomba abaki nalo. Isipojaza, kabla harusi za Shaabani hazijaanza, mabenchi yatoke na sufuria ziingie. Mjomba ameshika kipaza sauti kile tangu mimi sijazaliwa. Sikuwahi kumwona akifanya kitu kingine kwa furaha, na sidhani kama yeye mwenyewe anakijua.

Siku ya kwanza banda lilijaa. Walikuja vijana wa bodaboda, wakaja na wachuuzi wa samaki kutoka Mlingotini. Mimi nikawa uani kama kawaida, shahada yangu haikubadilisha ukuta. Mchezo ukaanza. Tukangoja mizinga. Badala yake tukasikia watu wanaongea. Baba mwenye sayari amefariki, ameacha mabinti wawili, mkubwa wa ndani ya ndoa na mdogo wa nje, na nahodha, mtoto wa yule mkubwa, ametumwa awapatanishe kwenye mirathi. Wakaongea, wakanyamaza, wakaongea tena.

"Watapigana lini?" sauti ya kijana ikauliza.

"Vuta subira, mwanangu."

"Mzee, hiki ni kikao cha ukoo. Vya kwetu vinanitosha!"

Kisha muziki ukapigwa.

"Imeisha," mjomba akatangaza.

"Imeisha vipi? Mbona adhana bado?"

"Imeisha yenyewe."

"Acha hizo, mzee! Umekata!"

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Hakuna aliyewahi kuona hadithi ya angani ikiisha jua bado liko juu. Wakamtuhumu kwamba ameficha vita aje awaonyeshe wengine. Mjomba akaapa wallahi. Mchuuzi mmoja akataka aonyeshwe mahali ilipokatwa. Mimi uani nilicheka mpaka nikamwaga mchele, kisha nikakumbuka bwenini, nikaokota mchele wangu kimya kimya.

Wiki iliyofuata wakaja nusu. Iliyofuata tena wakaja watatu, na mmoja wao alikuwa anakoroma tukimsikia.

Lakini uani mambo yalikuwa tofauti. Majirani walianza kuja na sinia zao za mchele, ingawa hapakuwa na harusi. Niligundua mchele ule ule unachambuliwa mara ya pili. Kisha nikagundua hauchambuliwi kabisa.

"Yule mdogo ndiye mwenye haki," jirani mmoja akasema. "Ndiye aliyemuuguza baba."

"Kuuguza ni thawabu, shoga, siyo mirathi. Mama yake aliolewa?"

"Aliolewa kwa siri!"

"Nani kakwambia? Wewe ulikuwepo huko mwezini?"

Mke wa mjomba aligonga ukuta kwa mwiko. "We mtafsiri! Dada mkubwa kasemaje? Rudia!"

"Hii siyo redio!" mjomba akajibu kutoka ndani.

"Rudia, nimesema!"

Akarudia.

Siku ya hukumu, Shaabani imekaribia, hakuja mtu hata mmoja. Mjomba alitoka bandani, akakaa barazani, akasema kwa upole uliotutisha, "Haya mke wangu. Chukua chumba. Leta sufuria zako."

Mkewe hakuleta sufuria. Alisimama mlangoni mwa banda, mikono kiunoni, akayatazama yale mabenchi.

"Yatoe haya," akaniambia. "Tandika mikeka. Wiki ngapi tunawasikia watu hawa bila kuwaona nyuso? Nataka kumwona huyo mdogo machoni, nijue kama anadanganya."

Jioni ile banda lilijaa wanawake mpaka mlangoni, na mimi nikaingia nilikofukuzwa. Nilijitolea kutafsiri. Nilitafsiri vizuri, neno kwa neno. Haukupita muda wakanisimamisha. "Huyu anatuambia wanachosema tu," jirani mmoja akalalamika. "Mwenye kutuambia wanachokusudia yuko wapi?"

Likaitwa baraza la dharura. Mjomba aingie vipi katikati ya wake za watu waliokwisha kuvua mabuibui? Ikakumbukwa kwamba shehe anayewasomesha darsa hukaa nyuma ya pazia. Pazia likafungwa kwenye kona, mjomba akapitishwa mlango wa nyuma na kipaza sauti chake. Kwa kuwa pazia lilimfichia runinga pia, nikampa simu yangu aifuate hadithi humo humo. Tukahesabu, tukabonyeza pamoja.

Nilisahau kwamba bando langu huchoka kama mimi. Runinga ilikwenda, simu ikawa inakwama, inazunguka, inafuata nyuma. Yule binti mdogo alitoa silaha kwenye mkono wa kanzu yake, akampiga nahodha kifuani. Banda zima likapiga ukelele.

Nyuma ya pazia, mjomba akasema kwa sauti tamu, "Hapa nahodha anaingia, anasema, shikamoo mama mdogo, nimekuja kwa amani."

"Ameshakufa!" wakapiga kelele.

"Hajafa. Ndiyo kwanza anavua kofia."

"Baba, kafa! Kalala chali!"

"Jamani!" mjomba akalia, na sijapata kumsikia akiwa na uchungu kiasi kile. "Msinihadithie! Miaka yote hii nimewahadithia nyie, hata siku moja mimi nisitazame kwa utulivu?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Wakamngoja afike. Tulimsikia akifika: akavuta pumzi, na kipaza sauti kikasikika kikiwekwa chini.

"Huyu nahodha nimekuwa naye tangu filamu ya kwanza," akasema taratibu. Kisha akauliza, "Mke wangu. Kwa hiyo banda mnalifunga lini?"

"Nani kasema linafungwa?" mkewe akajibu, macho kwenye runinga. "Shika kipaza sauti chako. Huku wenzio wameshaanza kumzika, na hatujui wanasoma dua gani."