Mkono Usiobabuka

Kuahirisha wajibu ni dhambi ya watu waungwana: haina kelele, hivyo hatuionei haya. Mimi, mwonyaji wa wengine, niliitenda miaka miwili. Ninayoyasimulia yalitokea, sikuwa na homa, na jua lilikuwa halijatua.

Mjomba wangu, aliyenifundisha kupiga zeze, alikuwa taabani kitandani Ruangwa. Nilimwahidi zeze jipya, nikasema kesho, na kesho nyingine. Sasa alinipigia simu huku kwangu Nachingwea kila asubuhi: "Mpwa wangu, zeze limefika wapi? Usije ukaniletea kaburini!"

Mti wake wa mninga nilikwisha kuuchonga na kibuyu nimekifunga. Ilibaki rangi na mafuta. Kwetu rangi ni mafuta meusi ya maganda ya korosho, yale yababuayo ngozi. Mti ukishapakwa huachwa juani siku tatu, ndipo usuguliwe mafuta ya ufuta. Siku tatu nitazitoa wapi? Asubuhi nilipaka rangi, mikono nimeivika mifuko ya nailoni. Adhuhuri nikamimina ufuta. Unadhani mti ulinihurumia? Ulitoka madoa, ukanata kama ulimbo, na ule weusi ukapenya mfuko ukanichoma vidole.

Alasiri, nikiwa nimeinama uani nimekata tamaa, mwanamke wa makamo aliyejitanda kanga alisimama mbele yangu.

"Baba, unaupaka au unauzamisha?" akauliza. "Mti umeshiba, wewe bado unaulisha. Angekuwa mgeni wako, angekwisha kukutapikia."

Nikamjibu kwa ukali kwamba nina mgonjwa.

"Najua. Ndiyo maana nimekuja. Sogea."

Niamini: aliukwangua mti kwa majivu, akaupaka upya mafuta ya korosho kwa mikono mitupu, na viganja vyake havikubabuka, hata weusi havikushika. Rangi ikakauka mbele ya macho yangu. Kisha ufuta: tone moja tu, alilolisugua mpaka likapata joto na kuzama, akafuta kwa pindo la kanga, akaanza tena. Nimesoma vitabu vingi kuhusu adabu. Sijaona adabu kama ile ya kiganja kwa mti. Mishipa ya mninga ilijitokeza mmoja mmoja. Wakati wote huo wimbo ulisikika, naye midomo ameifumba. Ulitoka ndani ya kibuyu, na zeze halikuwa bado na uzi!

Nikaingia ndani kumletea maji. Niliporudi hakuwapo, na mlango wa ua ulikuwa na komeo kwa ndani, kama nilivyoufunga asubuhi.

Nilifunga uzi, nikapanda bodaboda hadi Ruangwa. Mjomba alilipapasa zeze.

"Huu si mkono wako, mpwa. Wewe subira hii huna tangu utotoni. Nani kakupakia?"

Nilipomweleza, alilia. Akasema ni mkewe wa kwanza, aliyezikwa Chunyu kabla sijazaliwa. Ndiye aliyempakia mazeze yake yote. Kisha akapiga, vizuri kuliko nilivyowahi kumsikia. Siku ya pili yake alifariki.

Vidole vyangu viwili vina makovu hadi leo, na zeze lile halijadai mafuta tena. Wewe unayesoma, kama kuna mtu anayengojea kazi ya mikono yako, inuka sasa. Si kila mzembe hujiwa na msaidizi. Mimi nilijiwa. Kwa jina lake, alilonitajia mjomba, namwombea kila Ijumaa: Bi Somoe.