Fimbo ya Ethi Nyumbani kwa Ummy

Nolasco hajui kutulia. Wenzake wa Ihanda humtania kwamba hata kanisani huketi nusu kiti, na Joanitha mkewe ameshazoea kumwekea chakula kwenye hotpoti. Amekuwa fundi umeme kwa miaka ishirini na miwili, na kila nyumba anayoitandazia nyaya huondoka nayo kichwani.

Siku hiyo alitoka Rugu kwa Luqman, bodaboda aliyenunua pikipiki ya umeme. Luqman alikuwa akiichaji kwa ekstenshen iliyopitishwa chini ya mlango, mpaka plagi ikaanza kuyeyuka. Nolasco akamtengenezea laini ya peke yake: waya mnene kutoka kwenye bodi, swichi inayojikata yenyewe, soketi barazani. Fimbo ya ethi, ile ya kuushusha ardhini umeme unaovuja, akaipigilia kibanjani, migombani nyuma ya nyumba, kwenye udongo mbichi panapomwagwa maji ya vyombo. Kisha akamweleza Luqman yote, wanaume kwa wanaume, kama ilivyo desturi.

Sasa alikuwa kwake Ihanda, ndizi zi mbele yake na hazimezeki. Alikumbuka kwamba wakati anafunga mkoba wake, Ummy, mke wa Luqman, alikuwa akizunguka uani na kamba ya mbuzi, anatafuta pa kumfunga.

"Wapi tena?" Joanitha akauliza.

"Rugu."

"Si ndiko ulikotoka?"

Alishawasha pikipiki yake. Waya wa ethi ukikatika, umeme ukivujia kwenye chuma cha pikipiki inayochajiwa, njia ya kushukia ardhini ni yule aliyekishika. Na jua lilikuwa linashuka, saa ya watu kuchaji.

Alipofika, mbuzi alikuwa amefungwa kwenye fimbo. Alikwisha kuizunguka mpaka kamba ikaung'oa waya. Ummy alikuwa barazani, mikono inachuruzika maji, ameshika plagi.

"Mama, usichomeke!"

Ummy akashtuka, akaiweka chini. "Shikamoo fundi. Kuna nini?"

Nolasco akaenda penye fimbo. Akamwonyesha waya. "Nilimwambia mumeo pale pasifungwe kitu."

"Luqman akirudi anaoga, anakwenda zake msikitini. Anayechomeka ni mimi, anayefunga mbuzi ni mimi. Mbona mimi hukuniambia?"

Nolasco aliona aibu, tena aibu ya kweli. Alizima swichi, akamhamisha mbuzi, akaufunga waya upya na kuukaza, akapima. Halafu akamweleza Ummy kuanzia mwanzo, na Ummy akauliza ambayo Luqman hakuyauliza: mikono ikiwa na maji je? Mvua ikipiga barazani je?

Njiani nyumba zikaanza kumjia moja moja, za Ihanda, za Rugu, mpaka za Nyakatuntu kule Kyerwa. Kote alikuwa ameongea na wanaume sebuleni, wake zao wakiwa jikoni. Hakwenda kwake. Alikata kona kwa mzee Rwegoshora, nyumba nyingine aliyoitandazia nyaya, akapiga hodi, na mzee mwenyewe akatoka.

"Shikamoo mzee. Leo namtafuta mama."