Kiti Kando ya Mkwe Wangu

Majina ya wote waliokaa ukumbini siku ile ninayo kichwani, hata la mtoto aliyelia, lakini siyaandiki. Nitasema tu mjukuu wangu, na mkwe wangu, ambaye ni baba yake.

Mjukuu alikuwa ametengeneza filamu yake mwenyewe, yeye na marafiki watatu na kamera ya kuazima. Waliipiga kwangu Kombewa, jikoni mwangu. Ni habari ya mjane anayekataa kurithiwa na shemeji yake, halafu anampenda fundi wa baiskeli. Hadithi hiyo nilimpa mimi. Mjane ni nani, sikumwambia, na hakuuliza.

Baba yake alikuwa ameapa: "Nitaenda kuiona. Nikikuta uchafu natoka, na asinipigie simu tena." Na yule bwana akisema kitu, amesema.

Jumamosi mchana tukawa mtaani Mamboleo, ukumbi wa kukodi, mapazia meusi madirishani. Mjukuu, ambaye huniita Dani, yaani bibi, akaniinamia sikioni.

"Dani, fundi akianza kunawa kwenye karai, ujue wanaingia chumbani. Usishtuke."

"Watavua nguo?"

"Kidogo."

"Kidogo ni ngapi?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Taa zikazimwa, picha ikaanza, na kwa muda nikasahau hofu. Hakuna mbio, hakuna bunduki. Mwanamke anachambua visamaki vya omena, mwanamume anarudisha mnyororo wa baiskeli, hawasemi kitu, na bado unajua. Sikujua mapenzi yanaweza kuonyeshwa polepole hivyo, vile tulivyoyaishi.

Ndipo mtu akaingia, amechelewa, akapapasa viti gizani, akaketi kando yangu. Akakohoa. Kikohozi hicho nakijua. Mkwe wangu!

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega. Miaka yote hii hatujawahi kula meza moja. Na sasa kitanda kinakuja pale mbele. Akinitambua, heshima itamlazimisha ainuke, hata kama filamu haina ubaya. Na binti yake, aliyesimama pale ukutani, ataona tu mgongo wa babake ukitoka.

Nikavuta leso usoni. Mungu anajua, mahali hapo pa filamu nilikuwa nimepangoja kuliko mtu yeyote mle ndani.

Fundi akavuta karai.

Nikainuka, nikapita upande wa pili kwenye magoti ya watu, nikatoka.

Nje jua kali. Nikasimama karibu na mlango. Kila kiatu kilichosogea ndani nilidhani ni chake.

"Mama, imekuwa mbaya?" muuza miwa akaniuliza.

"Nyamaza, nasikiliza."

Maji kwenye karai. Kimya. Kimya tena, kirefu, nikashika ukuta. Kisha mama mmoja akasema, "Woi!" na watu wakacheka, lakini si kicheko cha matusi. Mlango haukufunguka.

Ulipofunguka, makofi yalikuwa yamekwisha. Mkwe wangu alitoka wa mwisho na binti yake, amembebea mkoba wa kamera. Aliponiona akasimama mbali, vile inavyopasa, akaangalia viatu vyake.

"Mama, kumbe ulikuwa huku nje?"

"Joto," nikasema.

"Pole. Umekosa pale pazuri kabisa."

Kisha akasikia alichosema, akageuka haraka, akaenda zake na mkoba.