Aoshwe, Asioshwe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Mohoro, sikugusa maiti. Nilichimba ufuo, lile shimo la kupokea maji ya josho, na mkubwa wangu, Muosha Mkuu, akanifokea: "Chimba wewe! Maji ya maiti hayakanyagwi!" Ndivyo tulivyofundishwa, kwa makelele. Kafuri hutiwa kwenye maji ya mwisho, tumbo huminywa polepole, na ukionacho mwilini mwa mtu hukisemi hata kwa mkeo. Hiki ninachokisema leo, mwenye maiti aliniruhusu.

Vita ya Maji Maji ilinikuta nimekwisha komaa. Hukumu zote za maziko zilitoka kwa Maalim wa chuo, mzee aliyekwisha kupofuka. Alikuwa na mwana mmoja tu, Hamadi. Kijana yule alikuwa na hati, wee! Msahafu wetu uliliwa na mchwa, basi yeye ndiye aliyekuwa akiunakili upya. Wapiganaji walipopita na maji yao ya dawa, ati risasi ya Mdachi itayeyuka, Hamadi akayanywa.

"Baba, nakwenda kufa shahidi."

"Wa kufa wapo tele, mwanangu. Wa kuandika je?"

Watu wakamwita mzee mwoga. Hamadi akaweka kalamu chini, akaondoka hata mikono hajanawa.

Walimrudisha juu ya kitanda cha kamba, kifua kimepasuliwa na risasi. Lahaula! Mimi niliyeosha hata walioumwa na mamba, nilijitia kuchimba ufuo, nisimtazame.

Sasa, shahidi haoshwi, huzikwa na damu yake. Wajomba zake wakaziba mlango: "Asioshwe! Mnataka kumvua daraja yake?" Wengine wakajibu, kanywa dawa ya mizimu, shahidi gani huyo? Jamani, wanabishana na maiti kalala pale! Mpaka leo siamini.

Muosha Mkuu akamgeukia Maalim. Neno moja tu, na mzee angekuwa baba wa shahidi, wala asingeitwa mwoga tena.

"Mwosheni," akasema.

"Maalim! Mwanao mwenyewe!"

"Kama ni shahidi, Mungu anamjua, maji hayatamnyang'anya kitu. Kama siye, hatumziki bila haki yake. Nimesoma umri wangu wote, na hili silijui."

Nilishtuka. Sikuwahi kumsikia akisema hajui.

Tukamwosha. Damu ilitoka yote, ikashuka ufuoni. Vidoleni nilisugua, nikasugua, wapi!

"Kuna nini?" Maalim akauliza.

"Wino, Maalim. Hautoki."

Akaupapasa mkono ule, akaangua kilio, yeye aliyetukataza kulia kwa sauti msibani. "Uache," akasema. "Na hili wasimulie watu."

Nimeosha Mbuchi, nimeosha Utete, sasa mgongo umegoma. Vijana mnaniuliza nani mbora, mwanachuoni au shahidi. Mimi ni muosha tu, niulizeni mambo ya kafuri. Ila msahafu ule uliishia katikati ya Sura Yusuf, na pale Mohoro hakutokea mtu wa kuumaliza.