Mwaka Ambao Mstari Wetu Uliruka

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Iringa niliandika tasnifu ya kulinganisha bidhaa za teknolojia ya juu ambazo nchi yetu inauza nje na zile zinazouzwa na Afrika yote iliyo kusini mwa Sahara. Sikuichagua mada kwa mapenzi. Takwimu zake zilikuwa za bure mtandaoni, na mwenye nyumba wangu wa Kihesa alikuwa na intaneti.

Mchoro wangu ulikuwa na mistari miwili, ya asilimia ya bidhaa hizo katika mauzo ya nje. Ule wa Afrika ulitambaa bila haraka. Wetu ulilala chini yake, umejifunika shuka, isipokuwa mwaka mmoja ulipokurupuka, ukaupita wa wenzetu, halafu ukalala tena. Mwaka huo niliuandikia sura nzima. Nikasema viwanda vimeamka, vijana wamebuni, taifa limethubutu. Sikutaja kiwanda hata kimoja, maana sikukijua. Msimamizi wangu akaandika pembeni "Safi sana", nikajua naye hajasoma.

Kabla ya kuitetea mbele ya jopo nilikwenda nyumbani Ubaruku. Mama anauza mchele pale kwenye mashine ya kukoboa, na alikuwa ameshashonesha vitenge vya sare kwa ajili ya mahafali yangu, vya shangazi wote na kwaya nzima. Nikamwonyesha mchoro nikitegemea vigelegele. Akautazama kama anavyotazama mchele wenye chenga.

"Hii mwaka," akasema, kidole kikiwa pale kileleni, "si ndiyo ile mashine yetu ya kamera ilipelekwaga kwao kutengenezwa?"

Alimaanisha mashine inayochambua punje nyeusi kwa kamera. Iliharibika, mwenye kinu akairudisha nchi ilikotoka, na dereva akawasomea watu wa pale karatasi ya safari: bidhaa inayokwenda nje ya nchi, kama vile imeuzwa.

"Mama, mashine moja haiwezi kuinua nchi."

"Nimesema moja? We unajua zilienda ngapi? Haya, tuliuza nini hiyo mwaka?"

Sikujua. Sura nzima, na sikuwahi kujiuliza. Nilikasirika, nikamwambia takwimu si mpunga.

Siku ya jopo, profesa mmoja aliyekuwa anasinzia alifumbua jicho akauliza swali lile lile la mama, ila yeye alikuwa amevaa tai. Ningeweza kudanganya, maneno nilikuwa nayo tele. Nikasema sijui, na kwamba huenda sehemu ya fahari yetu ilikuwa mashine mbovu zikienda kwa fundi. Walicheka sana. Kisha wakaniambia niandike upya, mahafali yangu mwakani.

Nikampigia mama.

"Ni sababu ya ile mashine?" akauliza.

"Ndiyo."

Nilisikia kinu kikinguruma nyuma yake.

"Basi ningenyamaza tu, mwanangu. Mimi darasa la saba najua nini?"

Nimeandika upuuzi mwingi maishani bila kuona haya, lakini hapo niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia kwamba katika watu wote walioishika ile tasnifu, yeye peke yake ndiye aliyeisoma.

Hakuamini. Alidhani nambembeleza.