Baba Mdogo Alipimisha Samaki Mmoja Mara Mbili, na Shahidi Ni Mimi

Admin, nakuomba usionyeshe jina wala picha yangu, maana ndugu zangu wengi wanafuata ukurasa huu. Mimi ni msichana wa miaka ishirini na tatu, kwetu Tanga. Nilikuja Johannesburg mwaka juzi baada ya kumaliza chuo, na sasa ni karani wa stoo kwenye kampuni ya mabomba huku Jeppestown. Naishi Bellevue kwa baba mdogo, aliyenisomesha baba yangu alipofariki. Chumba ninacholala ni chake. Naomba mlikumbuke hilo kabla hamjanihukumu.

Baba mdogo ni mlinzi. Wiki nzima anafungulia geti watu wasiomjibu salamu. Siku yake ni Jumapili. Yumo kwenye klabu ya wavuvi wa mashindano, wanavua samaki waitwao karp kwenye bwawa nje ya mji. Ni samaki wanene wa matopeni, wana vindevu pembeni mwa mdomo. Klabu hairuhusu kuwala. Wanapimwa, wanarudishwa majini wakiwa hai, na mwenye kilo nyingi ndiye mshindi. Mama mdogo aliposikia kwamba mtu anakaa juani kutwa nzima halafu anarudi bila kitoweo, alicheka hadi akakaa chini. Baba mdogo hakucheka. Kule bwawani Wazulu na Wazungu wanamwita bingwa, na wanambembeleza awaambie anachanganya nini kwenye chambo chake cha unga wa mahindi.

Mimi waliniweka kwenye mizani kwa kuwa ni karani. Nasoma kilo kwa sauti, kisha kila samaki nampaka dawa ya zambarau kwenye kidonda cha ndoana, na mvuvi mwenyewe anakwenda kumwachia. Tunapima mara mbili, mchana na jioni, kisha kilo zote zinajumlishwa.

Katika shindano la mwisho, mshindi alikuwa anapata nafasi ya kuiwakilisha klabu kwenye timu ya jimbo. Jioni baba mdogo akaniletea samaki wake. Mmoja alikuwa mkubwa kuliko wote, pezi la mgongoni limechanika. Nilimtambua palepale, kwa sababu mchana nilikuwa nimempima. Mdomoni alikuwa bado na zambarau yangu. Baba mdogo akauziba ule mdomo kwa kidole gumba, akanitazama, akasema taratibu kwa Kiswahili, "Soma mizani, mwanangu."

Nikasoma.

Aliyeshika nafasi ya pili ni fundi cherehani Mkongomani wa Joubert Park, na alikuwa amesimama karibu yangu. Naye aliona. Akalalamika kwa sauti, baba mdogo akamjibu kwamba aliyeshindwa na samaki arudi akashindane na vitambaa. Watu wakacheka. Fundi akanigeukia mimi.

"Weye dada uliona. Miye siko mjinga. Uliona na ukanyamaza."

Tangu siku hiyo ananitumia ujumbe kila asubuhi kabla sijafika kazini. Ananiita mwizi msomi. Anasema shule yangu imenifundisha kusoma mizani tu, haki sikufundishwa.

Nilijipa moyo kwamba labda samaki mmoja anaweza kunaswa mara mbili kwa siku. Kesho yake nikatoka uani kuanika nguo, nikakuta kambani nyavu mbili za kuhifadhia samaki, zote mbichi. Klabu inamruhusu kila mvuvi kuwa na wavu mmoja tu. Ndipo nikaelewa kwamba yule samaki hakuachiwa mchana ule. Alikuwa amefichwa kwenye matete, anangojeshwa jioni.

Nilimuuliza baba mdogo kwa adabu, tukiwa wawili tu. Hakukana.

"Nani alikutuma kuchungulia midomo ya samaki?" aliniuliza. "Mimi nchi hii nimekuja kufungulia watu mageti. Mara moja tu nimefunguliwa mimi, na anayetaka kunifungia ni mtoto niliyemsomesha." Alipofika mlangoni akageuka. "Samaki anayenaswa ni yule aliyefungua mdomo. Lala na hilo."

Tangu hapo haitikii salamu yangu. Nikiingia sebuleni anazima televisheni na kutoka. Binti yake, aliyezaliwa hapa na ambaye Kiswahili anakisikia tu, ananiita impimpi. Kwa Kizulu ni msaliti anayechongea wenzake, na mtaani kwetu mtu hapewi jina hilo kwa utani. Juzi alinitamkia hivyo nje ya duka la spaza, vijana waliokuwa wamekaa pale wakanigeukia wote. Sasa napita njia ya mbali.

Jumamosi hii klabu inasikiliza malalamiko. Mwenyekiti amesema ataniuliza mimi peke yangu, kwa kuwa ndimi niliyemshika yule samaki mara zote mbili. Nikisema kweli, baba mdogo anafukuzwa mahali pekee katika mji huu wanapomheshimu, nami sina pa kulala. Nikikana, anayefukuzwa ni fundi, kwa kosa la kumsingizia mwenzake, na hakusingizia kitu. Kazini nakosea hesabu ambazo sijawahi kukosea. Simu ikilia nashtuka.

Jana mama mdogo alinikuta jikoni. Hakunitazama, alikuwa anakata vitunguu.

"Kusema utasema, nakujua," aliniambia. "Basi nguo zako zitoe kabla ya Jumamosi. Ukishasema, usije hapa kuzifuata."

Hadi sasa sijajua kama alikuwa ananifukuza au ananiokoa. Leo nimekuja kazini na begi. Liko chini ya meza ninapoandikia haya, na wenzangu wanauliza nasafiri kwenda wapi. Nimewajibu kwamba bado sijajua.

Ndugu zangu, nishaurini bila matusi, ya nyumbani yananitosha. Nikiulizwa kama ule mdomo ulikuwa na rangi, nijibu nini?